Furaha ni mana ya kila asubuhi



Mara nyingi watu wa nje wanatuuliza: "Ninyi hamunywi pombe, hamuvuti tumbako, hamuendi kucheza dansi. Sasa furaha yenu iko wapi?" Na sisi wenyewe, tuseme kweli, tumekwisha kujiuliza vile, zaidi siku ambapo mfuko ni mtupu na makala yamekwisha.

Jibu tunalipata katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Waisraeli walipokuwa jangwani, Mungu hakuwajengea ghala. Aliwapa mana, kitu kidogo kidogo juu ya udongo, ladha yake kama mkate wa asali. Kila mtu aliokota ya siku ile. Aliyeweka ya kesho aliikuta imeota wadudu na kunuka, isipokuwa ile iliyowekwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato. Na asiyeamka mapema, jua lilipokuwa kali, mana iliyeyuka. Ndivyo ilivyo furaha ya mwana wa Mungu: inakuja kidogo, inakuja kila siku, na inaokotwa leo.

Lakini sisi tunasema: "Tutafurahi siku tutakapolipwa. Tutafurahi siku nyumba itakapopata mabati." Tunaungama mbele yenu: sisi tunaowaandikia haya tulifanya vile miaka mingi. Tulikuwa tunangoja mshahara wa miezi ya nyuma. Kila jioni binti yetu alituletea maji ya kunawa, akapiga magoti, akauliza: "Baba, leo ilikuwa namna gani?" Tulinawa bila kumtazama. Tulikula bukari na sombe kama mtu anayelipa deni. Leo ameolewa, anakaa Kolwezi. Sehemu ya mshahara ilikuja. Ile sauti ya jioni haikurudi. Mana yetu iliyeyuka, na sisi tulikuwa tumekaa karibu nayo.

Wapendwa, tujihadhari pia na jambo la pili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, watu walichoka na mana. Walilia samaki, matango na vitunguu vya Misri. Mana haikubadilika, macho yao ndiyo yalibadilika. Kitu cha kila siku kinadharauliwa upesi. Shukrani ndiyo inakifanya kiwe kipya.

Hatusemi mtu aache kudai haki yake. Mungu hakuwaacha watu wake utumwani eti wafurahie vitunguu! Mshahara udaiwe, nyumba ijengwe. Lakini njia ya jangwani ilikuwa ndefu, miaka 40, na watu walikula njiani. Wazee wetu waliohamishwa kwa nguvu na wakoloni kuanzia mwaka wa 1921 hawakungoja kurudi kwao ndipo waimbe. Waliimba kule kule.

Basi, mana yetu ni nini? Ni kikombe cha chai kabla watoto hawajaamka. Ni wimbo mmoja wakati wa kuwasha mbabula. Ni harufu ya udongo mvua ya kwanza inapoanguka. Ni vinkubala vya kukaanga, vikigawanywa na jirani. Ni kijana anayejifunza filimbi nyuma ya nyumba, akikosea pale pale kila siku, hata siku moja anapita.

Na mtu akiuliza, "Tutajuaje kama furaha hii inatoka kwa Mungu?", atazame kesho yake. Ile inayoacha deni, ugomvi au haya nyumbani, si mana.

Bwana Yesu alitufundisha kuomba mkate wa leo. Juma hili kila mmoja wetu achague jambo moja dogo, alifanye kila siku saa ile ile, na amshukuru Mungu kwa sauti, watu wa nyumbani wasikie. Na mtoto akikuletea maji ya kunawa, baba, umtazame usoni, umjibu.

Bwana awabariki na kuwafungua macho kila asubuhi. Amina.

Shemasi wenu