Mgagani kwa Maziwa

Kama hujawahi kupika mgagani, wiki hii nunua fungu moja. Sokoni utautambua kwa vijani vitano hivi vinavyochomoza pamoja kwenye kikonyo kimoja, kama vidole vya kiganja. Wakisii huuita chinsaga, Wajaluo dek. Ni mchungu, na uchungu huo huwakimbiza wengi waliozoea mchicha na sukuma wiki. Usiogope. Chambua majani, chemsha, mwaga maji ya kwanza, unga kwa kitunguu na nyanya, kisha mimina maziwa na uache vichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Uchungu hautaisha wote, wala usitake uishe. Watoto wakikunja uso, wape tena kesho: mboga hii ikilala na maziwa yake, ukali hupungua.