Bwawa la Uwani na Dhima ya Mwenye Nyumba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila kilicho hai utokane na maji, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa masuala yaliyozikabili familia zetu zilizotoka Oman na nchi nyingine za Ghuba kwenda kukaa Marekani ni suala la bwawa la kuogelea lililomo ndani ya ua wa nyumba. Katika mji wa Herndon, uliomo katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, zimo nyumba zinazouzwa pamoja na bwawa lake, au pamoja na hodhi dogo la maji moto. Mnunuzi aliyekuwa akitafuta vyumba vya kutosha, skuli nzuri na njia fupi ya kwendea msikitini hujikuta amemiliki pia maji mengi. Bwawa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 4.5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba zaidi ya lita 60,000.

Masuali yanayoulizwa sana juu ya bwawa hilo ni mawili. La kwanza, je, kulimiliki ni israfu? La pili, je, maji yake yaliyotiwa klorini yanafaa kwa udhu na josho? Lakini lipo suali la tatu ambalo haliulizwi mara nyingi, nalo ndilo lililo zito kuliko yote: mtoto wa jirani akiingia uwani bila ya idhini, akazama, je, mwenye nyumba ana dhima mbele ya Mola wake?

Masuali mawili mepesi

Ama israfu, asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Waliotutangulia walijenga mahamamu na wala hawakulaumiwa kwa kujenga tu. Huko Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu la Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad aliyetoka Uajemi. Kisha mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, akajenga hamamu la Hamamni ndani ya Mji Mkongwe ili watu wa mji nao waoge. La kwanza lilikuwa la nyumba moja, la pili likawa la wengi, na yote mawili yalikuwa halali. Israfu haimo katika kuwepo kwa maji, bali imo katika kipimo. Mwenye kulijaza bwawa lake hali ana deni lililofika wakati wake, au zaka hajaitoa, au jamaa zake wanahitaji naye anajua, huyo amekiuka mpaka hata kama bwawa ni dogo.

Ama klorini, haiyatoi maji katika jina la maji, nayo ndiyo hiyo hiyo inayotiwa katika maji ya mfereji ambayo watu hutawadhia kila siku bila ya kuuliza.

Kisima na bwawa

Sasa tulirejee suali la tatu. Mwenye kusoma vitabu vya fikihi anaweza kudhani kuwa jawabu lake ni jepesi. Wapokezi wa Hadithi wamepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa kisima ni hadari, yaani mtu akitumbukia katika kisima kilichochimbwa na mwenyewe katika milki yake, mchimbaji halipi diya. Atasema msemaji: bwawa ni kama kisima, ua ni milki ya mwenye nyumba, na aliyeingia aliingia bila ya idhini. Basi hakuna dhima.

Na akiitazama sheria ya nchi anayoishi anaweza kupata utulivu kama huo. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mwaka 1873 iliyohusu mtoto aliyeumia kwenye mtambo wa kugeuzia magari ya reli, iliamua kuwa mwenye mali anaweza kubeba dhima kwa mtoto aliyeingia bila ya ruhusa. Majimbo mengi yakaikuza kanuni hiyo: mwenye kuweka kitu kinachowavuta watoto na chenye kuwadhuru hawezi kujikinga kwa hoja ya kuwa hawakualikwa. Lakini mahakama ya juu ya Virginia iliikataa kanuni hiyo mwaka 1906, na ijapokuwa jimbo hilo lina kanuni nyingine juu ya vitu vya hatari, mtu anayetafuta upenyo anaweza kuuona.

Hivyo mwenye nyumba wa Herndon anaweza kusimama baina ya kauli mbili, moja ya kitabu na moja ya mahakama, akadhani zote mbili zimemsamehe. Hapo ndipo inapopasa kutazama kwa makini.

Kwanza, wanazuoni hawakuiacha kauli ya kisima bila ya sharti. Wamesema kuwa msababishi wa madhara hana dhamana maadamu hakufanya uadui, lakini akifanya uadui hudhamini. Kwa hiyo aliyechimba kisima njiani, pahala wanapopita watu, hulipa. Uadui hapa hauna maana ya chuki, bali ni kuvuka mpaka wa alichoruhusiwa. Sasa tutazame mpaka wa mwenye bwawa. Kanuni za ujenzi za Virginia zinamtaka alizungushie bwawa lake uzio wenye kimo kisichopungua inchi 48, yaani kiasi cha sentimita 122, na lango lake lifungukie nje, lijirudishe lenyewe na lijifunge lenyewe. Muislamu aliyeingia katika nchi kwa idhini ya wenyewe na akanunua nyumba kwa sheria zao amefunga ahadi, na kutekeleza ahadi ni wajibu. Mwenye kuliacha lango lake bovu amevuka mpaka, na kisima chake kimekuwa kama kilichochimbwa njiani.

Pili, sababu ya kisima si sababu ya bwawa. Kisima huchimbwa kwa dharura ya kunywa na kumwagilia, na lau kila mchimbaji angebebeshwa dhima watu wangekosa maji. Bwawa la uwani ni la kustarehe. Mwenye kuleta hatari kwa haja ya watu si sawa na mwenye kuileta kwa raha yake. Tena kisima hakimwiti mtoto, bali giza lake humtisha. Bwawa ni maji ya buluu yanayometameta juani, na ndani yake mna mipira na maboya ya rangi. Kinachomfurahisha mwenye nyumba ndicho hicho hicho kinachomvuta mtoto wa miaka mitatu.

Tatu, hoja ya idhini haimgusi mtoto mdogo. Kuingia milki ya mtu bila ya ruhusa ni kosa la mwenye akili anayejua maana ya milki. Mtoto asiyefikia taklifu haandikiwi dhambi, basi vipi atahesabiwa kuwa ni mvunja haki kwa kufuata mpira wake? Ni kweli kwamba wazazi wake nao wataulizwa kwa uzembe wao, lakini kuulizwa kwa mmoja hakumwondolei mwengine suali lake.

Kauli ya kuwa ajali haina kinga

Msiba unapotokea watu husema kuwa ajali haina kinga, na kwamba siku yake ilikuwa imefika. Kumfariji mfiwa kwa kadari ya Mwenyezi Mungu ni katika imani. Ama mwenye bwawa kujifariji kwa kadari juu ya lango ambalo hakulitengeneza ni kuitumia imani kuficha uzembe. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Wahenga wa Kiswahili wenyewe walisema tahadhari kabla ya athari, na msemo huu na ule wa kwanza haupingani: tahadhari ni kazi ya mja kabla ya tukio, na subira ni kazi yake baada yake.

Mfano wake ulitokea katika jimbo hilo hilo la Virginia. Mwezi wa Juni 2002, mtoto wa miaka 7 aitwaye Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifariki katika hodhi la maji moto. Mtoto huyo alikwishajua kuogelea, wala hakuwa peke yake. Nguvu ya pampu katika tundu la kufyonzea maji ilimnasa chini, na mama yake alipomvuta hakuweza kumtoa. Mama huyo hakuishia kwenye kilio, bali alisimama kudai mabadiliko, na mwezi wa Disemba 2007 ikatiwa saini sheria yenye jina la binti yake, iliyoanza kutumika Disemba 2008. Sheria hiyo inataka mifuniko ya matundu hayo inayouzwa Marekani iwe ya namna isiyoweza kumnasa mtu. Kadari ilikuwa imekwishapita, lakini ilipatikana kinga kwa watoto waliobaki.

Wala hatari hii si adimu. Nchini Marekani, kufa maji ndiko kunakoua watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote. Na kuzama kwa mtoto mara nyingi hakuna kelele: hapigi ukelele wala harushi maji, bali hushuka kimya katika muda wa dakika chache. Siku ya Iddi, nyumba imejaa wageni na wakubwa wako kumi na tano, ndiyo siku ya khatari zaidi, kwani kila mmoja hudhani mwenziwe anaangalia.

Yanayomlazimu mwenye bwawa

Kwa hayo, kumiliki bwawa ni jambo la mubaha, lakini kulilinda ni wajibu, na mwenye kutoweza wajibu wake asijitwishe mubaha wake. Uzio uwe mzima, nao humsitiri pia mwenye nyumba na macho ya majirani. Komeo la lango likaguliwe kila juma. Mfuniko wa tundu ukivunjika, asiingie mtu mpaka ubadilishwe. Maji ya hodhi la moto yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi, na klorini yake ipimwe, kwani maji ya vuguvugu yaliyoachwa huzalisha vijidudu vya maradhi ya mapafu. Klorini na asidi zisichanganywe kamwe, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Watoto wafundishwe kuogelea, na anapokuwamo mtoto majini ateuliwe mtu mzima mmoja, kwa jina lake, asiye na kazi nyingine wala simu mkononi.

Na wakati wa kuyamwaga maji, klorini iondoshwe kwanza. Kijito cha Sugarland Run kinachopita Herndon huingia mto Potomac, nao huingia ghuba ya Chesapeake, na klorini huua samaki. Watu wa Oman wanaijua adabu hii tangu zamani: katika falaji, maji ya kunywa huchotwa juu, kisha ndipo mahali pa kuogea, kisha mashamba, wala wa juu hamchafulii wa chini.

Atasema mwenye kusema kuwa amekata bima, na msiba ukitokea bima italipa. Bima hulipa fedha. Juu ya mwenye kusababisha kifo kwa makosa, wanazuoni wamekhitalifiana kama inamlazimu kafara, lakini hawakukhitalifiana kuwa mwenye kupuuza hali anajua ana toba ya kuitaka, na kafara wala toba hailipiwi na kampuni.

Hukumu hii haiishii Herndon. Mwenye nyumba yenye bwawa Maskati, na mwenye kukodisha shamba lenye bwawa huko Barka kwa mapumziko ya wiki, na aliyelikodi kwa siku moja, wote lango liko mikononi mwao. Na aliyenunua nyumba pamoja na bwawa ambalo hana uwezo wa kulilinda, alifukie, na mahali pake apande miti. Hatakuwa amepoteza neema, bali ameiepusha nyumba yake na suali ambalo hakuna anayependa kuulizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.