Mapenzi na Uchungu wa Moyo

Wengi hudhani kuwa imani ni dawa ya kuondoa uchungu, na ya kwamba Mkristo aliaye sana amepungukiwa na imani. Fikira hii yafaa kupimwa.

Hapa Olenguruone, kando ya msitu wa Mau, machozi si mageni. Serikali ya kikoloni iliwaweka wakulima Wakikuyu hapa mwaka 1941. Kufikia 1950 ilikuwa imewafukuza, na baadhi yao wakapelekwa Yatta, nchi ya ukame. Uhuru ulipokwisha kupatikana, mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, nyumba zilichomwa, na majirani waliozoea kusali pamoja wakakimbiana.

Namjua mama mmoja aliyerudi shambani pake mwaka 2008 akakuta kuta zimesimama bila paa. Aliniambia kuwa nyumba haikumliza. Kilichomliza ni kwamba, miongoni mwa waliokuja usiku ule, aliitambua sauti ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimnywesha uji utotoni. Ingalikuwa sauti ya mgeni, alisema, angalikwisha kuisahau.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Mgeni aweza kutuibia, kutusaliti hawezi. Uchungu wa namna ile hauingii moyoni ila kwa mlango uliofunguliwa na mapenzi. Basi atakaye kuukomesha kabisa anayo njia moja rahisi, nayo ni kuacha kupenda. Wengi wameishika, na kwa nje hufanana na watu waliotulia. Nami niliijaribu muhula mzima, nikasahihisha madaftari bila kutazama nyuso za wenyewe.

Mwokozi hakuishika njia hiyo. Yohana aeleza kuwa Yesu alilia machozi kwa ajili ya Lazaro, naye alijua kuwa punde atamfufua. Kama tumaini lingefuta uchungu, ni nani aliyekuwa na tumaini kumpita yeye? Tena aliyemsaliti hakuwa askari wa Kirumi, bali mtu wa mezani pake. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, ingawa wasemaji wa matangani huyachanganya mara nyingi.

Je, mama yule amesamehe? Sikuthubutu kumwuliza. Kijana yule sasa ana watoto, na mdogo wao huja asubuhi kusimama langoni pa mama, akingoja uji. Humpa. Kisha huingia ndani na kufunga mlango, nasi tulio jirani twajua kuwa analia.