Mnara wa Siloamu na Tetemeko la Kagera

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumb. 22:8, Ayu. 1:18, 19, 42:7, Mt. 24:6–8, Lk. 13:1–5.

Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 800 zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya hata zikafungwa.

Siku hiyo ilikuwa Sabato. Kwa hiyo swali likawa zito zaidi kwa waumini: je, waliokufa walikuwa wamemkosea Mungu nini?

Swali hilo ni la kale. Zamani, dhoruba ilipovuma ziwani, Wahaya walimtaja Mugasha, mwenye mamlaka juu ya ziwa na tufani. Injili ilipokuja, wengi waliacha jina la Mugasha, lakini si wote walioacha kufikiri kwamba kila msiba una mkosaji wake, naye ndiye aliyepatwa.

Rafiki za Ayubu walifikiri hivyo hivyo. Upepo mkubwa kutoka jangwani uliipiga nyumba pembe zote nne, ikawaangukia watoto wake. Rafiki zake wakamsihi akiri dhambi iliyouleta. Msomaji wa kitabu hicho ameoneshwa pambano kati ya Mungu na Shetani, Ayubu hakuoneshwa. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale waliojidai kumtetea, kwa sababu hawakusema kweli juu Yake.

Yesu alipokumbushwa msiba mmoja, Yeye mwenyewe aliongeza wa pili: mnara wa Siloamu uliowaua watu 18, idadi isiyo mbali na ile ya Kagera. Hakusema kwamba watu hao hawakuwa na dhambi. Alikataa tu kwamba kifo chao kilikuwa kipimo cha dhambi zao. Kisha akawageukia walio hai, akawaita watubu.

Hapa pana onyo kwa wanaosubiri marejeo ya Kristo. Ni kweli kwamba Mathayo 24 inataja matetemeko. Lakini Yesu aliyataja ili wanafunzi Wake wasitishwe, wala hakuwapa fimbo ya kuwachapia wafiwa. Mhubiri anayesimama kando ya jeneza na kumfanya marehemu kuwa ishara tu, amemsahau mama anayelia mbele yake. Vivyo hivyo, aliyeokoka ana haki ya kumshukuru Mungu. Lakini akishuhudia kwamba aliokolewa kwa sababu ya uaminifu wake, amemhukumu jirani aliyezika mtoto.

Je, basi hakuna wa kulaumiwa kamwe? Wakazi wa Kemondo wanajua kwamba si hivyo. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikatia nanga Kemondo, ikaendelea na safari. Asubuhi ya Mei 21 ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Kuita msiba ule mapenzi ya Mungu na kunyamaza ni kumsingizia Mungu kosa la wanadamu.

Hata katika tetemeko mkono wa mwanadamu haukosi kabisa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilijengwa kwa matofali yaliyounganishwa kwa udongo, kwa kuwa saruji ni ghali kwa maskini. Sheria ya Musa ilimwagiza kila mjenzi azungushe ukuta mdogo darini, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Mungu aliuhesabu usalama wa nyumba kuwa sehemu ya utii.

Basi toba aliyoiita Yesu ina kazi ya kufanya. Ni kukataa kupakia chombo kupita kiasi hata kama nauli inavutia. Ni fundi kumwambia mwenye nyumba ukweli kuhusu ukuta wake. Ni kanisa kumsaidia mjane kununua saruji kabla ardhi haijatikisika tena. Anayeuliza kwa nini wale walikufa huenda asijibiwe hadi Bwana atakapokuja. Anayeuliza jirani yake anahitaji nini anaweza kujibiwa leo.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi kutafuta dhambi ya aliyekufa kuliko kujichunguza?

2. Mtu anawezaje kumshukuru Mungu kwa kuokoka bila kumwumiza aliyefiwa?

3. Ni hatari gani inayojulikana mahali penu ambayo darasa lenu linaweza kuiondoa kabla haijaleta msiba?