Hadhari ya Msafiri na Dhana Mbaya

Huulizwa na watu wa pwani waendao bara kwa biashara: mtu akijihadhari na asiyemjua, akahesabu fedha mbele yake, akataka hati na mashahidi, je, huwa amemdhania Mwislamu mwenziwe ubaya, na hali dhana mbaya imekatazwa katika Suratul Hujurat? Suala hili si dogo, kwani wapo walioona haya kuuliza wakarudi kwao mikono mitupu.

Bara inayokusudiwa hapa ni nchi ya Wasukuma. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga. Almasi ya Mwadui ikaonekana mwaka 1940. Na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ukaanza kazi mwaka 2000. Penye mali hukusanyika watu wa kila namna, na miji hiyo haimjui mtu kwa ukoo wake kama ajulikanavyo Lamu au Bagamoyo. Mpwani ashukaye Geita usiku na mkoba wake hana mjomba wa kumwuliza. Mara humwona mtu mwenye kanzu safi na kofia ya viua, aitikiaye salamu kwa ukamilifu, na moyo wake hutua. Mtu yule humwambia kwamba anayo dhahabu ya shimoni, kwa bei ya kindugu, uani, upesi kabla watu hawajajua. Salamu ni haki ya kila Mwislamu. Lakini salamu si mizani, wala kofia haipimi dhahabu.

Jawabu ni hili. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na wanaoambiwa hayo ni walioamini, wao kwa wao. Lau kuandika kungekuwa ni kumvunjia ndugu heshima, kusingeamrishwa. Na Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwajiri Abdullahi bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi, akakabidhiwa ngamia wawili, akaja nao pangoni Thaur baada ya siku tatu kama alivyoahidi. Hakuchaguliwa kwa dini yake, bali kwa ujuzi na amana. Basi mwenyekiti wa mtaa wa Kisukuma, ajulikanaye na majirani zake, yafaa aulizwe njia na nyumba ya kulala kabla ya mwenye tasbihi asiyejulikana na mtu, hata akiwa yeye si Mwislamu. Ama dhahabu, tangu mwaka 2019 lipo soko lake hapo Geita, hupimwa na kuandikwa. Auzaye uani ameikimbia mizani.

Aliyekwisha kupatwa na khasara asione haya kusema. Polisi huitwa kwa namba 112. Na msafiri aliyekatikiwa njiani ametajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba miongoni mwa wenye fungu katika zaka, ingawa kwao ni tajiri. Basi amwendee imamu wa msikiti, aombe kilicho haki yake.

Lakini iko dhana iliyo mbaya kweli, nayo watu huipita bila ya kuiona. Katika nchi hiyo, walikoanzia sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, yowe huitikiwa na wote. Na stendini, kama katika miji mingi ya Tanzania na ya pwani pia, neno "mwizi" huweza kufuatwa na mawe na moto kabla ya swali. Mpwani apapasaye mfuko asikute fedha, akamnyoshea kidole kijana wa bodaboda aliye karibu, amehukumu bila ya kadhi wala shahidi. Damu ikimwagika naye yumo, na huenda fedha zimo katika mkoba wa pili. Hadhari ni hukumu ya mtu juu ya mali yake mwenyewe. Hii ni hukumu juu ya roho ya mwenziwe.

Aende kituoni. Huko ataulizwa alimwona nani. Na kama hakumwona mtu, aseme hakumwona, ijapokuwa fedha zilizopotea ndizo zote alizokuwa nazo.