Je, Tumkumbuke Mzee kwa Mema Pekee?



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutuita tuwakumbuke marehemu wetu wote. Tarehe 2 twaenda Misa, twaandika majina yao kwenye bahasha, na jioni twasali rozari katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Nyumbani nako watoto huuliza: babu alikuwa mtu wa namna gani? Hapo ndipo ugomvi huanzia katika nyumba nyingi. Mmoja anataka kusema yote, mwenzake anataka yasemwe mazuri tu. Basi na tujiulize pamoja: je, kumheshimu mzee wetu ni kuyaficha makosa yake?

Wengi watajibu upesi kwamba marehemu hasemwi vibaya. Jibu hili tusilidharau. Amri ya nne yatudai tuwaheshimu baba na mama, na heshima hiyo haiishii kaburini. Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, yafundisha kwamba kumfunulia mtu kosa la mwenzake asilolijua, pasipo sababu halali, ni dhambi hata kama kosa lenyewe ni la kweli. Kwa hiyo haitoshi mtu kusema, "Lakini mimi nasema ukweli!" Masengenyo mengi ni ya kweli, na bado ni masengenyo.

Lakini hebu tutazame maisha ya mzee mmoja, babu yake mke wangu, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka tisini hivi. Nasema "hivi" kwa sababu mama yake alimhesabia miaka kwa nzige waliokula mtama wa nchi wakati ule. Alichunga mbuzi wa baba yake, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa. Alifikia utu uzima katika miaka ya mwisho ya kile kipande cha kuvaa shingoni. Akapata kazi ya reli, kwanza kibarua wa kushindilia kokoto njiani, baadaye mtu wa kubadilisha njia za treni stesheni. Aliziona injini za mvuke zikiondoka na za dizeli zikiingia. Uhuru wa mwaka 1963 ulimkuta kazini Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, yeye alikuwa Mombasa. Alipostaafu alirudi Magharibi, akalima miwa, akawa mwenyekiti wa jumuiya yetu kwa miaka mingi. Uzeeni alijifunza kupokea pesa kwa simu, na kila zilipoingia aliwaita wajukuu wote waje wazisome. Kweli kuishi kwingi ni kuona mengi.

Katika miaka ile ya Mombasa alizaa watoto wawili na mwanamke mwingine, hali mkewe wa ndoa ya Kanisa alikuwa nyumbani akilima na kulea. Mwanamke yule alifariki mapema. Mzee aliwasomesha watoto wale kimya kimya, na waliomba waje kumzika baba yao.

Mimi kama katekista niliombwa niandike historia ya marehemu ya kusomwa siku ya mazishi. Mke wangu alisema wale wawili wasitajwe, kwa ajili ya heshima ya bibi. Mimi niliona haifai kusoma mbele ya jeneza orodha ya watoto yenye pengo. Hatukuelewana. Mwishowe tulienda wote wawili kwa bibi mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumizwa. Alinyamaza kitambo, kisha akatuambia: "Aibu hiyo niliila zamani nikaimaliza. Mnataka watoto wa watu waje kumlilia baba yao nyuma ya ua kama wezi? Waandikeni." Waliandikwa kwa majina, bila maelezo. Walitupa udongo kaburini pamoja na wenzao.

Tazama sasa, msomaji mpendwa, bibi alipambanua jambo ambalo sisi wawili hatukulipambanua. Namna mzee alivyoanguka, ulevi wa miaka ile, maneno yaliyosemwa chumbani, hayo hayakuwa ya kusomewa waombolezaji. Lakini watoto si kosa, ni watu. Kuwanyamazia kungekuwa kumtwisha asiye na hatia mzigo wa mwenye hatia. Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humhesabu kuwa mtoto wa marehemu yule aliyezaliwa nje ya ndoa, ikiwa marehemu alimkubali kuwa mtoto wake. Familia inayoficha leo kwa ajili ya heshima, kesho yaweza kukutana mahakamani. Mficha uchi hazai.

Maandiko Matakatifu nayo hayawapaki wazee rangi. Mathayo, katika sura ya kwanza, anapotaja ukoo wa Bwana wetu, hamruki Daudi wala hafichi kwamba Solomoni alizaliwa na yule aliyekuwa mke wa Uria. Kumkana kwa Petro kumeandikwa katika Injili zote nne, ingawa Petro ndiye mwamba. Kanisa halikuona kwamba habari hiyo inampunguzia heshima. Ilionyesha alitolewa wapi na nani alimwinua.

Tena liko jambo ambalo sisi Wakatoliki hatupaswi kulisahau. Twawaombea marehemu. Katika kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 12, Yuda aliwakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za miungu chini ya nguo zao. Hakuzifukia upesi ili wasifiwe kama mashujaa, wala hakuwalaani. Alikusanya fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Basi fikirini: tukitangaza kwamba babu alikuwa malaika, nani atamwombea? Sifa zetu za uongo zaweza kumnyima mzee kitu anachohitaji kuliko sifa. Mwenye kuujua udhaifu wake na bado akampenda ndiye atakayemkumbuka kwenye Misa hata miaka kumi baada ya matanga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mzee tumkumbuke mzima, lakini ulimi wetu tuupime. Nawashauri mume na mke mambo manne.

Kwanza, kabla ya kutaja kosa la mzee, jiulizeni: yuko mtu aliye hai ambaye haki yake yategemea ukweli huu? Kama ni mtoto, deni au shamba la mtu, semeni. Kama ni aibu tupu, mwachieni Mungu.

Pili, aliyeumizwa zaidi asikilizwe kwanza. Msimsemehe mtu kwa niaba ya mwingine, wala msimfichulie jeraha lake bila idhini yake.

Tatu, kila mmoja awe wa kwanza kuwasimulia watoto habari za wazee wa upande wake. Na katika ugomvi, kamwe usimwambie mwenzako, "Ndiyo maana, wewe ni kama baba yako." Kumbukumbu ya marehemu si rungu la kumpigia aliye hai.

Nne, watoto waambieni kwa kadiri ya umri wao. Mdogo atosheke na mbuzi na treni. Kijana anayekaribia kuoa anahitaji kujua pia kwamba upweke wa kazi za mbali ulimwangusha babu, na kwamba alirudi, akapokewa, akatubu kwa matendo. Huenda habari hiyo ikamlinda kuliko mahubiri yangu yote.

Jioni moja ya mwezi huu kaeni wawili mjadili: Ni mzee gani wa familia yetu tunayemsifu tu bila kumwombea? Ni nani katika ukoo wetu ambaye jina lake halitajwi, naye yu hai? Mkishajibu, tajeni majina hayo katika sala ya jioni, watoto wakisikia.

Raha ya milele uwape wazee wetu, ee Bwana. Wapumzike kwa amani. Amina.