Uloto wa Ndugu na Kudura ya Muumba

Hapa Didia, katika Kanda ya Ziwa ambako ugonjwa wa selimundu umekita mizizi, mzazi amwonaye mwanawe akilia kwa maumivu ya mifupa ana haki ya kuuliza: je, kuhuisha kiungo kilichoharibika, kama uloto uzalishao damu ndani ya mifupa, ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu?

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye maradhi hayo. Kwanza dawa kali huuondoa uloto wa kale. Kisha chembe za ndugu anayelingana na mgonjwa hutiririshwa mshipani, nazo, pasipo kuongozwa na mkono wa tabibu, huifuata damu hadi ndani ya mifupa, zikakaa humo na kuzalisha damu mpya, ilhali mwili wa mtoaji hujirudishia wenyewe kile kilichotolewa.

Basi tabibu hakuumba hata chembe moja. Amesafisha shamba na kupanda, na kumea ni kwa kudura ya Muumba. Dhambi, kwa itikadi yangu, haimo katika tiba hiyo, bali katika kuiacha iwe milki ya matajiri, hali mtoto wa mkulima wa pamba anayo haki ile ile ya uhai.